Petali ndefu ya upepo huelekea wapi? Namna ya kusoma na kuchora mchoro wa waridi

Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira zinapowekwa mezani mbele ya wananchi, iwe ni kwa ajili ya kiwanda cha samaki, dampo la taka au tanuri la matofali, mara nyingi huwa na ukurasa mmoja wenye duara lililojaa vipande vyenye umbo la petali, vingine virefu na vingine vifupi, vinavyochomoza kutoka katikati kuelekea pande mbalimbali za dira. Wananchi huutazama ukurasa huo, huona petali ndefu imeelekea upande wa mtaa wao, na hapohapo huhitimisha kwamba moshi na harufu vyote vitaishia kwao. Hitimisho hilo ni kinyume cha kile mchoro unachosema. Huu ndio mchoro wa waridi, na kanuni zake ni chache kiasi kwamba mtu asiye mtaalamu anaweza kuusoma, na mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuuchora mwenyewe kwa programu isiyolipiwa.

Tuanze na maana. Data ya mwelekeo ni kipimo chochote ambacho jibu lake ni upande wa dira: upepo umetoka wapi, mkondo wa maji unakwenda wapi, ufa wa mwamba umelala kuelekea wapi. Jibu hilo huandikwa kwa nyuzi, zikihesabiwa kuanzia kaskazini na kuzunguka kama mishale ya saa, hivyo mashariki ni nyuzi 90, kusini 180, magharibi 270, na kaskazini yenyewe ni 0 au 360. Mchoro wa waridi huligawa duara katika vipande vilivyo sawa, kwa mfano vipande 12 vya nyuzi 30 kila kimoja, kisha huhesabu ni vipimo vingapi vimeangukia katika kila kipande na kuchora petali ambayo urefu wake unalingana na hesabu hiyo.

Chukulia mtu aliyeketi katikati ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akiwa amepewa kazi ya kuandika kila anayeingia sokoni ametokea upande gani. Wanaoshusha dagaa kutoka kwenye boti anawaandika upande wa ziwani, wanaokuja kununua kutoka mjini anawaandika upande wa barabarani, na jioni anachora petali moja kwa kila upande. Ikiwa petali ya ziwani ndiyo ndefu, maana yake ni kwamba wengi wametokea ziwani. Hakuna atakayedai kwamba wengi wamekwenda kujitosa majini. Mchoro wa upepo husomwa hivyohivyo, kwa sababu kanuni ya wataalamu wa hali ya hewa duniani kote ni kuutaja upepo kwa upande unakotoka. Petali ndefu iliyoelekea kusini mashariki inasema kwamba upepo mwingi umetoka kusini mashariki, na moshi umepelekwa kaskazini magharibi.

Mkanganyiko unazidi kwa sababu wapimaji wa mikondo ya maji hufanya kinyume: wao huutaja mkondo kwa upande unakokwenda. Michoro miwili ya waridi ya eneo lilelile la ziwa, mmoja wa upepo na mwingine wa mkondo, inaweza kuwa na petali zinazoelekea pande zilizopingana ilhali upepo na maji vinasafiri pamoja. Mchoro usioandikwa unahusu nini haufai kusomwa hata kidogo, na mchoraji anayeacha kuandika hilo amefanya nusu ya kazi.

Pwani ya Ziwa Victoria inafaa sana kwa somo hili kwa kuwa upepo wake haukai upande mmoja kutwa. Jua la mchana hupasha nchi kavu joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ubaridi kutoka ziwani huja kujaza nafasi yake. Ndio upepo wa ziwani ambao kila aliyekaa ufukweni alasiri anaufahamu. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, mzunguko hugeuka, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa kuwa mji wa Mwanza uko upande wa kusini wa ziwa hili lenye takriban kilomita za mraba 68,800, upepo wa mchana huelekea kutoka kaskazini na kaskazini magharibi, na ule wa usiku kutoka kusini na kusini mashariki, ambako pia huja upepo mkuu wa msimu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Njia ya kurukia ndege ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza ina namba 12 upande mmoja na 30 upande wa pili, yaani imelala takriban kwenye nyuzi 120 na 300, kusini mashariki kwa kaskazini magharibi, na ndege hupendelea kuruka na kutua zikiukabili upepo.

Data yenyewe inavyokuja

Viwanja vya ndege hutoa ripoti za hali ya hewa zenye kundi la tarakimu kama 12008KT. Tarakimu tatu za kwanza ni nyuzi, hapa 120, na mbili zinazofuata ni kasi kwa noti, hapa 8. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.852. Ripoti hizo hubeba saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ripoti iliyoandikwa 0900 ni ya saa 6 mchana kwa mtu wa Mwanza, na anayetaka kutenganisha upepo wa mchana na wa usiku akasahau kuongeza saa tatu atachanganya asubuhi na mchana, kisha ashangae mbona upepo wa ziwani hauonekani vizuri.

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi ndani ya tarakimu hizo. Hali ya shwari, yaani kusipokuwa na upepo, huandikwa 00000KT. Upepo wa kaskazini huandikwa 360. Kompyuta haijui tofauti hiyo: kwake nyuzi 0 na nyuzi 360 ni upande mmoja, na ripoti zote za shwari zikiachwa ndani ya faili zinaweza kuhesabiwa kuwa upepo wa kaskazini. Mahali penye usiku mwingi wa shwari, mchoro utaota petali nene ya kaskazini ambayo haina upepo wowote ndani yake. Ripoti za shwari zinapaswa kutolewa kwanza, zihesabiwe pembeni, na idadi yake iandikwe chini ya mchoro au katikati ya duara. Zile zinazoanza na VRB, yaani upepo unaobadilika-badilika bila upande maalumu, nazo hutolewa, kwa kuwa hazina nyuzi za kuchora.

Amri moja badala ya kipanya

Programu inayotumiwa sana na wanajiolojia na wanasayansi wa bahari kwa kazi hii inaitwa GMT, kifupi cha Generic Mapping Tools, na haina uhusiano na saa ya Greenwich. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Paul Wessel na Walter Smith walipokuwa wanafunzi katika kituo cha utafiti cha Lamont-Doherty cha Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Hupatikana bure kwa Linux, Windows na Mac. Haina vitufe vya kubofya. Mtumiaji huandika amri kwenye dirisha jeusi la maandishi na kupata picha. Wapo wanaoiogopa kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa yake kuu katika jambo hili, kwa sababu amri iliyoandikwa hubaki kama ushahidi wa kila uamuzi uliofanywa, na mtu wa pili anaweza kuirudia neno kwa neno na kupata mchoro uleule.

Tuseme tuna faili liitwalo mchana.txt, lenye safu ya nyuzi na safu ya kasi:

310 10
320 12
300 9
120 8
330 11

Faili halisi litakuwa na mamia ya mistari, ila muundo ni huo. Amri ya kulichora katika GMT toleo la 6 ni hii:

gmt rose mchana.txt -: -Zu -A30 -D -S -R0/1/0/360 -JX10c -Bxg0.25 -Byg30 -Glightblue -W1p -pdf mchana

Neno rose ndilo linaloita mchoro wa waridi. Alama ya -: inaiambia programu kwamba safu ya kwanza ni nyuzi na ya pili ni urefu, kwa sababu bila kuambiwa yenyewe hutarajia urefu uanze. Ukiisahau, programu itaisoma kasi ya noti 10 kama nyuzi 10 na kuchora bila kulalamika, na petali zote zitarundikana karibu na kaskazini, kwa kuwa kasi za upepo ni namba ndogo. Waridi lililojibana kaskazini peke yake ni dalili ya kwanza ya kuchunguza safu.

Sehemu za mwisho za amri ni za sura tu: -JX10c ni kipenyo cha sentimita 10, -R0/1/0/360 ni mipaka ya duara zima, -Bxg0.25 na -Byg30 huchora mistari ya gridi, -G ni rangi, -W ni unene wa kalamu, na -pdf hutoa faili la picha lenye jina lililotajwa. Zilizobaki, yaani -Zu, -A30, -D na -S, ndizo zinazobadili maana ya mchoro, na hizo hazifai kupitwa haraka.

Chaguo la -Zu huifanya kila ripoti ihesabike kama moja. Bila hilo, programu hujumlisha urefu uliomo katika safu ya pili, ambao hapa ni kasi. Ni sawa na yule mtu wa Mwaloni kuacha kuhesabu watu akaanza kujumlisha uzito wa mizigo yao. Ripoti 40 za noti 5 kutoka kusini mashariki zinatoa jumla ya 200. Ripoti 20 za noti 10 kutoka kaskazini magharibi zinatoa 200 pia, na petali mbili zitalingana ingawa upepo wa kusini mashariki ulivuma mara mbili zaidi. Hakuna kosa katika kuchora jumla ya kasi ikiwa swali ni nguvu ya upepo. Kwa swali la moshi na harufu, hesabu ya mara ngapi ndiyo inayofaa, hasa kwa sababu upepo mwepesi hauutawanyi moshi kama upepo mkali.

Upana wa kipande, na kwa nini pande 16 hudanganya

Chaguo la -A30 huweka upana wa kila kipande kuwa nyuzi 30. Wengi hudhani upana ni suala la ladha, lakini katika data za upepo lina hesabu yake. Ripoti za viwanja vya ndege huandika mwelekeo kwa makumi tu: 10, 20, 30, hadi 360. Kwa hiyo kuna majibu 36 yanayowezekana. Anayezoea dira ya pande 16 hugawa duara katika vipande vya nyuzi 22.5, na hapo majibu 36 hayagawanyiki sawasawa. Kipande cha kaskazini, kinachoanzia 348.75 hadi 11.25, hupata majibu matatu: 350, 360 na 10. Kipande jirani, cha 11.25 hadi 33.75, hupata mawili tu: 20 na 30. Ukiendelea kulizunguka duara utaona kwamba kaskazini, mashariki, kusini na magharibi zina majibu matatu kila moja, na pande 12 zilizobaki zina mawili mawili. Hata upepo ungevuma sawa kutoka kila upande, mchoro ungeonyesha msalaba wa petali nne ndefu, kila moja ikizidi jirani zake kwa nusu. Msalaba wa namna hiyo umo katika michoro mingi iliyochapishwa, na msomaji ana haki ya kuutilia shaka.

Vipande vya nyuzi 30 vinaliondoa tatizo, alimradi viwekwe vizuri, na ndiyo kazi ya -D. Kwa kawaida programu huanzisha kipande cha kwanza kwenye nyuzi 0 na kukimalizia 30, hivyo majibu yaliyo mpakani huangukia upande mmoja bila sababu ya kimaumbile. Chaguo la -D hukisogeza kipande ili kitovu chake kiwe juu ya nyuzi 0, yaani kianzie 345 na kuishia 15, na kila kipande kupata majibu matatu kamili. Bila chaguo la -A kabisa, programu huchora kila ripoti kama mstari wake peke yake, jambo linalofaa kwa vipimo vichache na lisilosomeka kwa vipimo vingi.

Chaguo la -S hulinganisha petali zote na ile ndefu kuliko zote, ambayo hupewa urefu wa 1. Hapa kuna jambo ambalo jicho hulikosea. Petali hupanuka kadiri inavyotoka katikati, hivyo petali yenye urefu maradufu ina eneo mara nne, na jicho hutazama eneo kabla ya urefu. Upande uliovuma mara mbili zaidi utaonekana kuutawala mchoro mzima. Florence Nightingale, katika michoro yake ya mwaka 1858 kuhusu vifo vya askari wa Uingereza vitani, alipima kwa eneo. Katika GMT, kuandika -S+a badala ya -S huifanya programu ichukue kipeuo cha pili cha kila hesabu kabla ya kuchora, na maeneo ya petali hulingana na hesabu halisi. Mimi hupendelea mchoro wa namna hii kwa wasomaji wa kawaida, ingawa wataalamu wengi wa hali ya hewa wamezoea urefu, na ni lazima isemwe chini ya mchoro ni upi uliotumika.

Wastani usiokuwapo

Dhana moja potofu inayorudi kila mara ni kwamba wastani wa mwelekeo hupatikana kwa kujumlisha nyuzi na kugawanya. Chukua ripoti mbili, moja ya nyuzi 350 na nyingine ya nyuzi 10. Zote mbili ni za upepo wa kaskazini. Jumla yake ni 360, ukigawanya kwa mbili unapata 180, ambayo ni kusini. Programu ya lahajedwali itakupa jibu hilo bila aibu. GMT hufanya tofauti: kila ripoti huifanya mshale, huiunganisha mishale yote ncha kwa mkia, na mwelekeo wa kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari hiyo ndio wastani. Urefu wa safari hiyo ukigawanywa kwa idadi ya mishale hutoa namba kati ya 0 na 1. Ikikaribia 1, mishale yote imeelekea pamoja, na ikikaribia 0, imetawanyika au imepingana. Ukiandika amri yenye -I, programu haichori kitu bali hutoa takwimu hizi, na ni busara kuanza nayo. Ukiongeza -Em kwenye amri ya kuchora, mshale wa wastani huwekwa juu ya waridi.

Hata hesabu hii sahihi, hata hivyo, haifai kila mahali, na pwani ya ziwa ni mahali pamojawapo. Tuseme kwa mfano una ripoti 30 za usiku kutoka nyuzi 120 na ripoti 30 za mchana kutoka nyuzi 320. Ukiunganisha mishale yote 60, wastani wake unaangukia nyuzi 40, kaskazini mashariki, upande ambao hakuna hata ripoti moja iliyotoka, na ile namba ya kati ya 0 na 1 inakuwa takriban 0.17. Jaribio la Rayleigh, ambalo GMT hulitumia kupima kama wastani una maana, kwa kiwango cha kawaida cha 0.05, yaani nafasi 5 kati ya 100 za kudanganywa na bahati, litasema hakuna mwelekeo unaothibitika, ingawa upepo umetoka pande mbili tu kwa utaratibu wa saa. Jaribio limeundwa kutafuta kilele kimoja, na hapa viko viwili vinavyokaribia kufutana. Dawa yake ni kugawa data kabla ya kuchora: faili la mchana, faili la usiku, na amri ileile irudiwe kwa kubadili jina la faili tu, ili michoro miwili iwe na vipande, mipaka na rangi zilezile. Anayeonyeshwa mchoro mmoja wa mwaka mzima wa mahali palipo ufukweni anapaswa kuuliza ulivyogawanywa kwa saa, kwa kuwa harufu ya usiku na harufu ya mchana zinaweza kwenda kwa majirani tofauti kabisa.

Limebaki jambo la miamba, ambayo Mwanza haina upungufu nayo. Mwanafunzi wa jiolojia anayepima nyufa za matale yaliyotapakaa mjini anapata data ya mwelekeo isiyo na mwanzo wala mwisho: ufa uliolala kwenye nyuzi 40 ni uleule uliolala kwenye 220, kwa sababu mstari hauna kichwa. Kwa data ya aina hii GMT ina chaguo la -T, ambalo huhesabu kila kipimo mara mbili, kwanza kwenye nyuzi zilizoandikwa na tena kwenye nyuzi hizo zikiongezwa 180, na waridi linalopatikana huwa na nusu mbili zinazofanana. Wengine huchora nusu duara tu kwa -R0/1/0/180, kwa kuwa nusu ya pili haiongezi habari. Chaguo la -T halitumiwi kamwe kwa upepo. Likitumiwa, upepo wa ziwani na wa nchi kavu huonekana kuwa na nguvu sawa hata pale ambapo mmoja haukuwahi kuvuma, na mchoro hauachi alama yoyote ya kosa hilo isipokuwa ule ulinganifu kamili wa pande zake mbili.